Unga Uliokosa Msimamo

Nchi yetu haina tatizo lolote. Naanza na hilo mapema, tena kwa maandishi, asije mtu akasema Linus Kapinga alilificha. Jamhuri ya Msimamoni ina amani, ina bendera, ina bendi ya polisi, na ina Baba Mhimili, ambaye amekuwa Rais wetu kwa muda mrefu kiasi kwamba milima yote mikubwa imeshaitwa jina lake na sasa wameanza vichuguu.

Kaulimbiu ya taifa ni moja, imeandikwa hata kwenye vyoo vya stendi: HATUPINDI. Na kweli hatupindi. Barabara ya kaskazini ilipofika mlimani, wahandisi wa nchi nyingine wangeizungusha. Wetu waliipandisha moja kwa moja, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Malori yako pale chini mpaka leo, yamejipanga vizuri sana, na madereva wameoa hapo hapo. Vitanda vya kukunja vilipigwa marufuku. Miavuli ikafuata, kwa sababu mwamvuli ni kitu kinachobadilika kulingana na hali ya hewa, na tabia hiyo ingeweza kuambukiza wananchi.

Mimi nilikuwa muosha vyombo wa Maabara ya Taifa. Si vyombo vya chakula; chupa, mirija na vibakuli vya kioo. Shule niliishia darasa la tatu, maana la nne lilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilijengwa kuelekea alipokaa mgeni rasmi badala ya kuelekea ng'ambo. Siwalaumu. Kulaumu ni kazi ya wasomi. Mimi naeleza tu nani alifanya nini.

Mke wangu, Asteria, ambaye mtaani walimwita Mama Koleta, alikuwa msugua sanamu. Kiwanda cha Sanamu za Baba Mhimili kilimpa msasa na jiwe, akasugua mashavu ya Rais miaka ishirini na miwili mpaka yakang'aa. Vumbi lake likaingia kifuani. Akina mama waliomba vitambaa vya kufunga puani, wakaambiwa kufunika uso mbele ya sura ya Baba Mhimili ni dharau. Alipostaafu walimpa cheti cha utumishi uliotukuka. Kikohozi alikuwa nacho tayari.

*

Sasa niwaambie habari za Daktari Evaristo Ndomba, mkemia wetu, ili mjue alikuwa mtu wa namna gani kabla hajawa mtu wa namna nyingine.

Alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na sanduku moja na koti moja, hana ndugu mjini. Jioni ya kwanza nilimkuta maabara anakula mkate mkavu juu ya mizani. Nikamchukua nyumbani. Asteria akampakulia ugali na mlenda, akampakulia tena, akamuuliza kama huko ng'ambo walikuwa wanamfungia. Tangu siku hiyo akala kwetu miaka minne. Alimwita "Mama," naye Asteria akamwita "mwanangu." Sahani yake ilikuwa ile ya maua, wala hakuna mgeni mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Kazi yake ilikuwa unga. Ukiuangalia kwa macho ni kama chumvi, lakini ni vijiwe vidogo sana, wasomi wanaviita fuwele. Mimi ndiye niliyeuweka kwenye tanuri kuukausha, basi siku moja nikamuuliza unga huo kazi yake nini. Akachungulia mlangoni kwanza, akaninong'oneza.

"Mzee Linus, unakumbuka miavuli?"

"Nakumbuka, lakini usiniponze."

"Basi kila kijiwe hapa ni kama mwamvuli. Ndani yake nimejenga kiunzi, vifundo vya madini vimeunganishwa kwa vijiti. Katikati ni vyumba vitupu. Ukileta gesi ikamsukuma kidogo, hafunguki. Ukimsukuma zaidi, pap! Vyumba vyote vinafunguka, gesi inaingia, inakaa. Ukilegeza, anajikunja mwenyewe, anairudisha yote. Habani hata kidogo."

"Na wanaobaniwa ni akina nani?"

"Wenzetu wenye fuwele ngumu, zisizojikunja. Zile gesi inaingia, lakini nyingine haitoki. Inabaki mle ndani bure."

Nikaelewa. Kwa darasa langu la tatu, nikaelewa kabisa. Mtungi wa oksijeni wa hospitali yetu ya wilaya ulisukumwa na wanaume wanne, na haukuweza kutoka mlangoni kwa sababu mlango ulijengwa baada yake. Daktari Ndomba alitia unga wake kwenye mtungi wenye ukubwa wa chupa ya chai, akaujaza oksijeni, akamwekea Asteria mrija puani, akafungua koki: tk, tsss.

Jamani. Asteria, ambaye miaka miwili alikuwa akitoka kitandani mpaka mlangoni kwa vituo vitatu, alitembea mpaka gengeni na kurudi. Mimi nyuma nimebeba mtungi kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Pale gengeni akashika kiganja cha dagaa, akamtazama muuzaji, akasema bila kupumzika hata mara moja:

"Wewe Shombe, hawa si dagaa, huu ni mchanga wenye macho, na ukinifungia tena uchafu wa namna hii nitakumwagia kichwani na ndoo yako ikiwemo!"

Shombe akapiga makofi. Watu wakacheka. Mimi nililia, sitaki kudanganya, kwa sababu ilikuwa sentensi nzima.

Jioni mtungi ukarudi maabara, maana haukuwa na kibali, na chombo kisicho na kibali kulala nyumba ya raia ni kosa. Daktari alipokuwa anauchomoa mrija, Asteria akamshika mkono.

"Mwanangu, nitauona tena?"

"Mama, kibali kikitoka, mtungi wa kwanza ni wako. Nakuapia mbele ya mzee. Kabla ya mtu yeyote nchi hii."

Nami nilikuwepo. Ndiyo maana naandika.

*

Kibali hutolewa na Ofisi ya Vipimo na Ukakamavu. Akaja Bwana Chogoro, Mkurugenzi mwenyewe, amevaa suti iliyopigwa wanga mpaka ilikuwa inafika kabla yake. Sheria ni nyepesi: kila kitu nchini lazima kiwe na kipimo kimoja, kiandikwe, kipigwe muhuri. Asubuhi akapima unga kwenye mrija wa kioo, akaandika, akaenda kunywa chai. Aliporudi Daktari alikuwa ameshaingiza gesi.

"Asubuhi nilikuta sentimita nne," akasema Bwana Chogoro.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ulikuwa mtupu."

"Sasa naona tano."

"Umepokea gesi, Mheshimiwa. Umefunguka."

"Umefunguka kwa idhini ya nani?"

"Ndivyo ulivyoumbwa."

"Hebu nijibu moja kwa moja. Ndani ya unga huu mna nini?"

"Matundu, Mheshimiwa. Zaidi ya nusu yake ni matundu."

Bwana Chogoro akaweka kalamu chini. "Yaani serikali imekupa jengo, imekupa umeme, imekupa na huyu mzee, miaka minne, ili utengeneze matundu?"

"Matundu ndiyo kazi yenyewe. Kijiko kimoja cha unga huu, kuta zake za ndani ukizitandaza zote, zinafunika uwanja wa mpira."

"Uwanja upi?"

"Wowote, Mheshimiwa."

"Uwanja wa Taifa una sanamu katikati. Utaufunika vipi bila kumfunika Baba Mhimili?"

Hapo nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka tu. Bwana Chogoro akaandika pembeni ya fomu: "Yupo mzee anayecheka." Kisha akaufungia ule unga kwenye bahasha, akasema utafikishwa mbele ya Baraza la Msimamo kwa kosa la kubadilika.

Nilipomwambia Asteria, alivuta pumzi zake fupi fupi, mbili, tatu, halafu akauliza, "Na unga... una wakili?"

"Una mwanao."

"Basi," akasema, "sina wasiwasi."

*

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Unga uliwekwa kizimbani kwenye sahani, askari wawili huku na huku. Ukasomewa shitaka: kwamba katika tarehe tofauti, ndani ya Maabara ya Taifa, bila aibu, ulipanuka na kusinyaa kufuatana na mazingira. Mwenyekiti wa Baraza akauuliza kama unakiri. Unga ukakaa kimya. Mwenyekiti akamwambia karani aandike kuwa mshitakiwa ni mkaidi.

Niwataarifu wageni kwamba wajumbe wa Baraza hilo ni watu thabiti. Wote kumi na mmoja walikuwa chama cha zamani, kilipoanguka wakaamka asubuhi wako chama kipya. Walipinga reli, wakaifungua reli, wakazipongeza nyasi zilipoifunika. Hawa ndio waliokaa kuhukumu chumvi kwa kosa la kubadilika.

Nikaitwa shahidi.

"Mzee, unga huu umemsaidia nani?"

"Mke wangu, waheshimiwa. Alisema sentensi nzima."

"Sentensi hiyo ilikuwa na maneno gani?"

Nikawaambia. Wakanong'onezana. Karani akaandika kwamba unga umesababisha kashfa dhidi ya sekta ya uvuvi. Nikarudishwa benchi.

Kisha akasimama Daktari Ndomba, na kabla ya chakula cha mchana alizungumza kama mwanamume. Aliwaambia wazi kwamba kujikunja si udhaifu, ndiyo nguvu yake. Kwamba kitu kisichofunguka hakipokei, na kitu kisichojikunja hakirudishi. Aliwaambia kuna watu wodini wanakufa kwa kukosa chombo cha ukubwa wa chupa ya chai. Mjumbe mmoja akafumbua jicho. Mimi pale benchi nilikuwa naitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma.

Saa saba wakapumzika. Bwana Chogoro akamshika Daktari bega, akamwingiza chumba cha nyuma. Sisi wa benchi tulisikia harufu ya kuku wa kukaanga. Baada ya saa mbili wakatoka, Daktari ameshika faili jipya, midomo inang'aa mafuta.

"Waheshimiwa," akasema, na macho yake yalikuwa juu ya saa ya ukutani, "nimetafakari kwa kina. Kama mtaalamu, nathibitisha kwamba unga huu hauna msimamo. Napendekeza uteketezwe wote, isipokuwa mtungi mmoja utakaobaki kwa uchunguzi wa ngazi ya juu."

Makofi. Hapo hapo ikasomwa barua kuwa Daktari Evaristo Ndomba ameteuliwa Mshauri Maalumu, Ikulu, katika mambo ambayo barua haikuyataja.

Nilimkimbilia kwenye ukumbi wa nje.

"Daktari. Mama Koleta je?"

"Mzee Linus, kuwa na subira kidogo."

"Yeye hana subira, ana kifua. Nimwambie nini?"

"Mwambie namsalimu," akasema, akaingia kwenye gari.

Unga niliumwaga mimi. Nani mwingine? Muosha vyombo ndiye anayemwaga. Ndoo tatu, kwenye shimo la chokaa nyuma ya maabara, askari akinihesabia. Nyumbani nikasema kesi imeahirishwa. Sahani ya maua ilikuwa mezani, imefunikwa.

*

Siku ya Kusimama, sikukuu ya hotuba ya Rais, ilipofika, Asteria alikuwa ameshalazwa. Wodi yao ilikuwa na wagonjwa sita na ule mtungi mmoja mkubwa. Walipokezana mrija kwa zamu. Asubuhi mafundi wakaja kufunga spika juu ya kila kitanda, maana Sheria ya Hotuba inasema mwananchi hataondoka kabla hotuba haijaisha, wala hatakohoa kwa makusudi. Wodi nzima ni ya wakohozi. Sista Perpetua, muuguzi wa zamu, alipita akiwagawia hati za kuthibitisha kwamba vikohozi vyao si vya makusudi.

Tulitegemea hotuba fupi. Baba Mhimili alikuwa na miaka themanini na minne, na mwaka uliotangulia alikuwa akisema maneno matatu, anatulia, anahema, taifa zima limeachama, ndipo anasema matatu mengine. Magazeti yaliuita utulivu wa busara.

Mwaka huu hakutulia. Alianza saa tatu asubuhi na pamba, akaingia kwenye korosho, akawataja maadui kwa majina na kwa wilaya, sauti imejaa kama ya kijana anayeposa. Kwa saa nne nzima hajavuta pumzi hata mara moja. Mtangazaji akasema huu ni muujiza wa msimamo.

Saa saba mtungi wa wodi ukaisha. Wa akiba ulikuwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa uwanjani, kiti namba mia nne na sita, anasikiliza.

"Nitamfuata," nikamwambia Sista.

"Baba, getini kuna askari. Hatoki mtu."

"Basi tuvunje mlango wa stoo."

"Ni wa chuma, baba. Nilishajaribu mwaka jana." Akageuka, akaanza kuwapepea wagonjwa kwa faili, huyu, kisha yule, kisha huyu.

Nikakaa kitandani, nikamwinua Asteria, nikamwegemeza kifuani kwangu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya jivu.

"Baba... Koleta."

"Naam, mama."

"Unasikia?"

"Nasikia. Sasa anasema habari za mbolea."

"Si yeye. Hiyo... nyingine."

Nikatega sikio kwenye spika. Kila baada ya sentensi tano au sita, chini ya sauti ya Baba Mhimili, kulikuwa na kitu. Tk. Halafu tsss. Koki inafunguka, gesi inatoka. Miaka minne nimeifungua na kuifunga koki ile kwa mkono wangu huu. Ilikuwa na jino moja lililolika, ndiyo maana inagonga kabla ya kupumua.

"Huo si... mtungi wangu?"

"Ni spika mbovu, mama."

"Wewe hujui kudanganya," akasema. "Usianze leo."

Baba Mhimili akaingia kwenye historia ya mkonge. Tk. Tsss.

"Mwanangu alijua?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitafuta hilo neno kila mahali.

"Alijua," nikasema.

Hakuuliza tena. Aligeuza uso ukutani, taratibu, kama mtu aliyeona kitu barabarani na hataki kuonekana kwamba amekiona. Saa tisa na robo, mkonge haujaisha, akawa hayupo.

Nikafungua mdomo. Sista Perpetua akaniwekea kiganja, machozi yanamtiririka yeye mwenyewe. "Baba, usilie sasa. Askari anasikia. Kulia ni kukatiza hotuba."

Basi nikasubiri. Baba Mhimili aliongea mpaka saa kumi na mbili jioni, saa tisa mfululizo, hajatulia hata mara moja. Mimi nilimshika Asteria saa zote hizo, na ishara ya makofi ilipotolewa, wodi nzima ikapiga makofi, isipokuwa sisi wawili.

*

Wiki mbili baada ya maziko gari la serikali likasimama mlangoni kwangu. Akashuka Mshauri Maalumu, suti imepigwa wanga.

"Shikamoo, baba."

Sikuitikia. Akakaa bila kukaribishwa, kwenye kiti chake cha zamani, akatazama huku na huku kama anayetafuta harufu ya chakula.

"Baba, ningekataa wangenifunga. Ningemsaidiaje mama nikiwa gerezani?"

"Na ulipokuwa nje ulimsaidiaje?"

Akasugua magoti yake. "Ulikuwa mtungi mmoja tu. Na waliniahidi kwamba baada ya hotuba utarudi."

"Umerudi?"

"Wameona anazungumza vizuri. Sasa anautumia hata mezani."

Kisha akatoa karatasi kwenye faili. Hakuweza kuniangalia, akaikabidhi meza. Fomu ya Maelezo ya Kuondoka Katikati ya Hotuba. Kila aliyeondoka lazima ajieleze. Akishindwa, mwenzi wake anajaza. Isipojazwa, kaburi halitapewa namba, na kaburi lisilo na namba linafukuliwa.

"Nimeomba nije nayo mimi," akasema, "ili asije mtu baki. Ni fupi. Pale kwenye sababu andika 'ugonjwa', baba, basi yaishe. Nikusaidie kuandika?"

"Darasa la tatu linatosha," nikasema.

Nikavuta karatasi. Jina la aliyeondoka: Asteria Kapinga. Saa ya kuondoka: tisa na robo. Je, aliomba ruhusa: hapana. Mkono wangu ni mzito, herufi zangu kubwa kama za mtoto; Mshauri akasubiri. Nikafika kwenye sababu.

Nikaandika: ALIISHIWA PUMZI. PUMZI ILIKUWA INATUMIKA.

Akaisoma ikiwa kichwa chini, kutoka upande wake wa meza. "Baba, hii hawataipokea. Hii itaniponza hata mimi niliyeileta."

Nikaigeuza karatasi imtazame. Chini ya sababu palikuwa na mstari mmoja umeachwa wazi, wa shahidi, mtu anayethibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli.

Nikamsogezea kalamu.